Hewa Haba na Seli Shina: Historia ya Fikira Moja na Maneno Yake

Katika nchi ya Nyamahanga, jina linalotajwa katika wilaya ya Ngara na vile vile katika wilaya ya Biharamulo, pombe ya ndizi hutengenezwa kwa namna isiyobadilika sana tangu zamani. Ndizi huivishwa kwanza, kisha hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Wahaya huiita lubisi, na watu wa Rwanda huiita urwagwa. Mgema ajuaye kazi yake hafunui mtumbwi ovyo kabla ya siku yake. Hakufundishwa na mtu ya kwamba ndani ya maji yale mna viumbe vidogo mno, wala ya kwamba viumbe hivyo vikinyimwa hewa huila sukari kwa njia nyingine na kutoa kileo. Lakini ajua kwa mazoea kwamba pombe iliyoachwa wazi hugeuka siki.

Jambo hilo hilo ndilo lililomshughulisha Louis Pasteur kule Ufaransa. Mwaka 1861 alieleza kwamba hamira ikipewa hewa kwa wingi huongezeka sana nayo hutumia sukari kidogo, na ikinyimwa hewa huongezeka kidogo nayo hutumia sukari nyingi. Maana yake ni kwamba kiumbe kimoja chaweza kuwa na njia mbili za kupata nguvu. Njia ya kwanza yahitaji oksijeni, nayo ina faida kubwa: chembe moja ya glukosi hutoa vipimo vya nguvu 30 hivi, vile wataalamu waviitavyo ATP. Njia ya pili, yaani glikolisisi, hutoa vipimo 2 tu, lakini haihitaji oksijeni hata kidogo. Historia inayosimuliwa hapa ni ya swali lililozaliwa na jambo hilo: je, seli za mwili wa mwanadamu, hasa zile ziitwazo seli shina, hufuata njia ipi, na mtaalamu aziotesheaye katika chupa huziona jinsi zilivyo, au jinsi hewa ya chupa ilivyozigeuza?

Jaribio la hewa haba lililoenea mapema katika Afrika ya Mashariki halikuhitaji mtambo wowote. Tone la damu liliwekwa juu ya kioo, likafunikwa kwa kipande kingine cha kioo chembamba, na kingo zake zikazibwa kwa mafuta mazito ili hewa isiingie. Tone likaachwa kwa saa kadhaa. Seli zilizo hai mle ndani, hasa zile nyeupe, zilimaliza oksijeni iliyokuwamo, na hapo seli nyekundu za mtu mwenye urithi wa selimundu zikajikunja mfano wa mundu wa kuvunia. Njia hiyo ilianzwa na Emmel wa Marekani mwaka 1917, na mwaka 1927 Hahn na Gillespie wakathibitisha kwamba sababu ya kujikunja ni kukosekana kwa oksijeni. Yafaa ikumbukwe kwamba seli nyekundu, ingawa ndiyo ichukuayo oksijeni mwili mzima, yenyewe haiitumii. Haina mitokondria, nayo huishi kwa glikolisisi peke yake. Ni mfano wa mpagazi abebaye chakula asichokila.

Kwa kupima damu namna hiyo waganga waliweza kuzunguka nchi kubwa kwa gharama ndogo. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na A. B. Raper walitangaza hesabu zao za Uganda, ambamo Waamba wa upande wa Ruwenzori walionekana kuwa na urithi huo kwa kiasi kikubwa mno, karibu watu 4 katika kila 10, hali makabila mengine yalikuwa nao kidogo sana. Wataalamu hao walijaribu kuzipanga tofauti hizo kwa kufuata makundi ya lugha, Wabantu huku na Wanilo kule. Kwa mwanaisimu kosa hilo ni la kupendeza, maana laonyesha jinsi lugha ilivyokuwa ikitwikwa mizigo isiyo yake. Tone la damu halijui ngeli za nomino. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, ndiye aliyeigeuza hoja hiyo. Katika maandiko yake ya mwaka 1954 alionyesha kwamba urithi wa selimundu hufuata malaria wala haufuati lugha, na hesabu alizozichukua baadaye Musoma, ng'ambo ya pili ya Ziwa, zikaitia nguvu hoja yake. Ukanda wa Ziwa haujaondokewa na mzigo huo. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi ya Tanzania, uliotangazwa mwaka 2020, ulikuta urithi kwa mtoto mmoja hivi katika kila watano, na ugonjwa wenyewe kwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia.

Tone lile lililozibwa lilikuwa, kwa kweli, chupa ndogo ya kuoteshea seli katika hewa haba. Lakini hakuna aliyeliita hivyo. Waliotaka kuotesha seli walikuwa watu wengine, wenye desturi nyingine. Ross Harrison alikuwa ameotesha mshipa wa fahamu wa chura katika tone la limfu mwaka 1907, na kutoka hapo kazi ikaendelea hadi chupa za kioo, maji yenye chumvi na glukosi, na kitamizi chenye joto la digrii 37. Mambo mengi yalipimwa kwa uangalifu: joto, uchachu, chumvi, asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Oksijeni haikupimwa. Hewa ya chumbani iliachwa iingie kama ilivyo, nayo ina oksijeni asilimia 21. Hewa hiyo ikaitwa ya kawaida, na hata katika maandiko ya lugha za kigeni likaundwa neno normoksia, yaani kawaida ya oksijeni.

Hapo ndipo neno lilipomtangulia mtu likampoteza. Oksijeni ya asilimia 21 ni ya kawaida kwa pua, si kwa seli. Ikifika ndani ya mapafu imekwisha kupungua hata kuwa kama asilimia 13 au 14. Katika nyama nyingi za mwili ni kati ya 2 na 9. Na ndani ya uloto wa mifupa, mahali zinapokaa seli shina za damu, vipimo vilivyochukuliwa katika panya walio hai mwaka 2014 vilionyesha asilimia 1 hadi 4 tu. Seli iliyotolewa katika uloto na kutiwa katika kitamizi haikurudishwa katika hali ya kawaida; ilihamishwa kutoka shimoni ikaanikwa juani. Mwaka 1977 Packer na Fuehr walionyesha kwamba seli za binadamu zilizooteshwa katika oksijeni haba zaendelea kugawanyika kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Habari hiyo ilisomwa, ikasifiwa, na vitamizi vikaendelea vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nyanda za juu huliona upesi kuliko mtu wa pwani. Asilimia si kiasi. Katika Ngara na Biharamulo, nchi iliyo zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile 21 katika mia, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, na kani ya oksijeni imepungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Muguga ya Kenya, iliyo juu ya meta 2,000, imepungukiwa sehemu moja katika tano hivi. Kwa hiyo vitamizi viwili, kimoja London na kimoja Muguga, vyaweza kuandikiwa hesabu moja na huku vikizipa seli pumzi mbili mbalimbali. Tena seli hukaa chini ya maji ya chupa, na oksijeni hupenya maji polepole. Seli zikisongamana huweza kukosa hewa hata mlango wa kitamizi ukiwa wazi. Makala nyingi hazitaji kina cha maji hayo, na huo ni upungufu mkubwa kuliko wanavyokiri waandishi wake.

Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza oksijeni ilipatikana kwa mshumaa. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen wa New York walifaulu kuotesha vijidudu vya malaria, Plasmodium falciparum, ndani ya seli nyekundu za binadamu. Sahani za seli ziliwekwa katika chombo cha kioo, mshumaa ukawashwa ndani, kifuniko kikarudishwa, na mshumaa ulipozimika oksijeni ilikuwa imepungua hata kufikia kama asilimia 17, na kaboni dioksidi imeongezeka. Maabara zisizo na fedha ziliweza kuifuata kazi hiyo, na tafiti nyingi za dawa za malaria zilisimama juu ya mshumaa huo.

Muguga inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu huko seli za Afrika ya Mashariki zenyewe zilifundisha jambo ambalo halikutazamiwa. Wafugaji wa Ngara, kama wafugaji wote wa maziwa makuu, wameujua tangu kale ugonjwa wa ng'ombe unaoanza kwa kuvimba tezi chini ya sikio. Kiswahili cha Tanzania huuita ndigana kali, neno ambalo yaelekea lilitoka katika oltikana ya Kimaasai. Waganda husema amakebe, na wenye Kinyarwanda ikibagarira. Robert Koch aliviona vijidudu vyake Dar es Salaam mwaka 1897 au 1898, akadhani ni hatua moja ya ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. David Bruce na wenzake waliandika juu ya amakebe ya Uganda mwaka 1910, nao walilichukua jina la wenyeji wakalitia katika kichwa cha habari yao, adabu ambayo haikuwa ya wote. Kijidudu chenyewe ni Theileria parva.

Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, walitangaza kwamba wameotesha seli za bandama la ng'ombe zenye kijidudu hicho, na kwamba seli hizo hazikufa. Ziliendelea kugawanyika bila kikomo. Kijidudu hukaa ndani ya seli nyeupe, huigeuza ifanane na seli ya saratani, na seli inapogawanyika hujishika katika nyuzi zake ili kigawanywe pamoja nayo. Lakini saratani hiyo hurudi nyuma: dawa ikiua kijidudu, seli huacha kugawanyika. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 iliulizwa ni amri gani kijidudu hutoa. Ili kulifahamu jibu lililopatikana, hapana budi kueleza kwanza jinsi seli ijuavyo kwamba hewa imekuwa haba.

Mwaka 1992 Gregg Semenza na Guang Wang wa Baltimore walieleza habari za protini waliyoiita HIF. Katika hewa nyingi protini hiyo hutengenezwa na kuharibiwa papo hapo. Mwaka 2001 makundi mawili, la Peter Ratcliffe wa Oxford na la William Kaelin wa Boston, yalionyesha namna ya kuharibiwa kwake: kimeng'enya maalumu huitia alama kwa kutumia oksijeni, na protini nyingine, VHL, huisoma alama hiyo na kuipeleka HIF ikavunjwe. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, na HIF huishi. Huingia katika kiini na kuamrisha mambo mengi: milango ya glukosi iongezwe, vimeng'enya vya glikolisisi viongezwe, damu mpya iitwe, na kimeng'enya PDK kifunge njia ipelekayo piruvati katika mitokondria. Kwa amri hiyo ya mwisho seli huyageukia maisha ya hamira iliyo chini ya majani ya mgomba. Watu hao watatu, Semenza, Ratcliffe na Kaelin, walipewa tuzo ya Nobel ya uganga mwaka 2019.

Sasa, mwaka 2014 wataalamu wa Paris walieleza kwamba seli zilizogeuzwa na Theileria zina HIF iliyo hai hata pale ambapo oksijeni ipo tele, nazo hula glukosi na kutoa laktati kana kwamba zimezibiwa hewa. Kijidudu kinaihadaa seli ya ng'ombe kuwa imo katika hewa haba. Otto Warburg alikuwa ameiona tabia hiyo katika uvimbe wa saratani tangu miaka ya 1920, bali alidhani kwamba mitokondria zimeharibika. Seli za Muguga zaonyesha kwamba si lazima chombo kiharibike. Yatosha amri ibadilishwe.

Seli shina zilithibitishwa mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walipowapa uloto panya walioharibiwa uloto wao kwa mionzi, wakaona katika bandama zao makundi ya seli, kila kundi likiwa limetoka katika seli moja. Seli shina ya damu ina kazi mbili: kujizaa yenyewe, na kuzaa seli zitakazokuwa nyekundu, nyeupe na nyinginezo. Mtu wa Kagera ana mfano wake uani. Mgomba mmoja huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa; lakini shina lililo ardhini halifi, hutoa chipukizi mwaka baada ya mwaka, na jamaa moja yaweza kula katika shina moja kwa muda wa vizazi.

Mwaka 2010 kundi la Simsek huko Texas na kundi la Takubo huko Japani yalieleza, kila moja kwa njia yake, kwamba seli shina za damu katika panya hutegemea sana glikolisisi na kwamba HIF inahusika. Takubo na wenzake waliendelea mwaka 2013 kuonyesha kwamba PDK, yule mlinzi wa mlango wa mitokondria, huzisaidia zitulie zisimalizike. Kwa seli shina za kiinitete cha binadamu, Ezashi na wenzake walikuwa wamekwisha kuona mwaka 2005 kwamba zikioteshwa katika oksijeni ya asilimia 3 hadi 5 hazigeuki ovyo kuwa seli za aina nyingine. Na mwaka 2009 Yoshida na wenzake wa Kyoto waliona kwamba seli za kawaida za ngozi zarudishwa katika hali ya ushina kwa wepesi zaidi katika asilimia 5.

Ikawa rahisi basi kusema kwamba hewa haba huifanya seli shina ibaki shina. Usemi huo ni mzuri kupita kiasi. Wengine wameonyesha kwamba seli shina zina dalili za hewa haba hata zikikaa karibu na mishipa ya damu, na kwamba panya walioondolewa aina moja ya HIF katika seli hizo bado waliweza kuzitunza. Tena ilisemwa kwa miaka mingi kwamba seli shina zina mitokondria chache, kwa sababu rangi itumiwayo kuzihesabu ilionekana hafifu. Mwaka 2017 de Almeida na wenzake waligundua kwamba seli shina huitema rangi hiyo nje. Zikizuiwa zisiiteme, mitokondria zake huonekana kuwa nyingi. Watu walikuwa wamehesabu rangi, wakadhani wamehesabu mitokondria. Kwa hiyo hewa haba yastahili kuhesabiwa kuwa sharti moja katika mengi, na wenye kuiita asili ya ushina wamepita ushahidi.

Hapa maneno ya Kiswahili yaingia kazini, wala si kwa pambo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilifungua njia, lakini elimu hii imekua zaidi tangu hapo. Neno seli shina limekubalika, nalo ni jema kwa sababu ya mgomba uliotajwa, ingawa sikio la siasa huweza kucheka: katika chama cha TANU, na baadaye CCM, shina la nyumba kumi ndilo lililokuwa tafsiri ya seli, hata seli shina ikawa kama seli ya seli. Umetaboli ni afadhali kuliko mmeng'enyo, kwa kuwa mmeng'enyo ni kazi ya tumbo, na mwanafunzi akiambiwa mmeng'enyo wa seli atafikiri juu ya chakula. Mfasiri asiye mwangalifu aweza hata kuandika utamaduni wa seli. Kuotesha ndilo neno la mkulima na ndilo lifaalo.

Lakini neno lenye hatari ni kawaida. Mwalimu akifundisha kwamba asilimia 21 ni hewa ya kawaida na asilimia 3 ni upungufu, amekwisha kumfundisha mwanafunzi kosa kabla ya somo kuanza. Kiswahili hakikufungwa na normoksia ya wageni. Chaweza kusema hewa ya nje kwa ile ya chumbani, hewa ya mwilini kwa ile iliyo mahali pa seli, na kuliweka neno uhaba kwa pale tu ambapo seli imepata pungufu ya ile iliyoizoea. Kwa mpango huo uloto wenye asilimia 2 hauna uhaba wowote. Ni seli iliyotolewa ndiyo imeletewa wingi.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 2015 Mantel na wenzake wa Indianapolis waliutoa uloto wa panya ndani ya chumba chenye oksijeni ya asilimia 3, wakaupima humo humo bila kuuonyesha hewa ya nje. Walipata seli shina mara 2 hadi 5 kuliko katika uloto uliotolewa kwa desturi. Dakika chache tu za hewa ya nje zilikuwa zikiwapotezea watu seli nyingi, nao kwa miaka yote walidhani kwamba kiasi walichokipata ndicho kilichokuwamo.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu, na seli zipandikizwazo ni hizi hizi seli shina za damu, zilizotolewa kwa ndugu. Damu iliyokuwa ikizibiwa hewa chini ya kioo ili kuujua ugonjwa, sasa chimbuko lake lahamishwa kutoka mwili hadi mwili ili kuuponya. Baina ya miili hiyo miwili zimo saa za mfuko, sindano na hewa ya nje. Dodoma nayo iko juu ya meta 1,000, na kani ya oksijeni katika hewa yake ni pungufu kidogo ya ile ya pwani, lakini bado ni mara nyingi kuliko ile ya uloto.